Pale Soli Inapoungana na Buti

Mto Madison unaanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani, pale mito Firehole na Gibbon inapokutana, kisha unashuka Montana ukipita mabonde ya malisho. Wavuvi wa mshipi wanaujua kwa mambo mawili: samaki wake aina ya trauti, na mawe yake. Mawe hayo ni ya mviringo, yamesuguliwa na maji mpaka yakakosa kona, na juu yake umetanda ute wa vijimea visivyoonekana kwa macho. Maji yakifika magotini tu, mkondo una nguvu ya kumbwaga mtu mzima. Anayeingia humo hufikiria miguu yake kabla ya kufikiria ndoano.

Buti analovaa lina kazi ngumu kuliko viatu vingi. Mchana kutwa limelowa. Changarawe inalisugua kwa nje, mchanga uliopenya unalisugua kwa ndani. Jioni linatupwa nyuma ya gari, kesho yake jua linalioka mpaka linakauka kau, keshokutwa linarudi majini. Ngozi inavimba na kusinyaa, uzi unalegea, gundi inachoka kidogo kidogo. Mtu wa kawaida anayevua mwishoni mwa wiki anaweza kukaa nalo muda mrefu, lakini waongozaji wanaoishi kwa kuwapeleka wageni mtoni karibu kila siku hulihesabia misimu, si miaka.

Katika shida hiyo ndipo lilipopata nafasi wazo la soli ya kubadilisha. Kama soli ndiyo inayoliwa kwanza, kwa nini isichomolewe ikatupwa, buti likabaki? Ni wazo zuri, na limewasaidia watu wengi. Lakini kila chombo kina kiungo chake kinachotangulia kufa, na ukikiondoa hicho, kuna kingine kinasubiri zamu. Uimara wa mabuti haya unapimwa kwa kukifahamu hicho cha pili.

Kwa miongo mingi dawa ya utelezi ilikuwa felti: sufu au nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa pamoja bila kufumwa, unene wa kidole hivi, zikabandikwa chini ya buti. Nyuzi zake hupenya ute na kuligusa jiwe lenyewe, na maji yanayonaswa kati ya soli na jiwe hupata pa kupitia. Wajapani wanaovua ayu, samaki mdogo wa mito yenye kasi, wanavaa viatu vya felti mpaka leo, na kabla ya felti waliopanda makorongo ya nchi hiyo walifunga miguuni ndara zilizosokotwa kwa majani ya mpunga, maana majani yaliyolowa hushika jiwe vizuri. Ndara hizo zilikuwa za kuchakaa upesi, na hakuna aliyezilaumu. Zikiisha, zilisukwa nyingine.

Felti nayo inaisha. Haidhuriki sana majini. Inakufa njiani, pale mvuvi anapotembea juu ya changarawe kavu kutoka alikoegesha gari. Inaanza kuchakaa kingo, kisha ncha ya mbele inabanduka, halafu inajikunja kila hatua. Wengi wamezoea kununua kipande kipya, kukikata kwa kisu, kukipaka gundi na kukikandamiza usiku kucha. Aliye mvumilivu hufanikiwa. Aliye na haraka huona kipande kikielea mbele yake baada ya siku mbili.

Mpira ulionekana kuwa ndio ukombozi, na historia yake inaanzia mlimani. Mwaka 1935 wapandaji sita wa Italia walikufa kwenye Punta Rasica katika Milima ya Alps, na mwenzao Vitale Bramani akaamini kwamba viatu vyao vilichangia. Mwaka 1937, akisaidiwa na kampuni ya matairi ya Pirelli, akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa iliyoitwa Carrarmato, chini ya jina Vibram. Mwaka 1954 Waitalia walipofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza, walikuwa wamevaa soli hizo. Mlimani suala likamalizika. Mtoni halikumalizika, kwa sababu jiwe lenye ute halishikwi kwa meno. Mpira mgumu unaodumu huteleza juu yake. Mpira laini unaoshika huliwa upesi. Watengenezaji wamekuwa wakitafuta mchanganyiko wa katikati kwa miaka mingi, na wakishindwa huongeza njumu.

Njumu za kabidi ya tangsteni ni ngumu kuliko karibu kila jiwe la mtoni, kwa hiyo huchubua na kujishikilia. Kuna pia pau za alumini, ambazo kampuni ya Patagonia ilizipigia skrubu chini ya mabuti yake. Alumini inafanya kazi kwa njia iliyo kinyume: kwa kuwa ni laini, jiwe ndilo linaloing'ata. Inashika ajabu, na kwa sababu hiyohiyo inaliwa. Huo ndio mvutano ulio ndani ya kila soli ya mtoni. Kinachoshika vizuri hujitoa kidogo kwa kila jiwe linalokanyagwa.

Korkers, kampuni ya Oregon iliyoanza miaka ya 1950 kwa kutengeneza ndara zenye njumu za kufungwa juu ya viatu vingine, iliamua kuacha kutafuta soli moja inayofaa kila mahali. Mabuti yake yanauzwa yakiwa na kiunzi kigumu chini, na soli inachomekwa kwenye kiunzi hicho. Ncha ya mbele inaingizwa kwenye nafasi yake, kingo zinakandamizwa kuzunguka mguu wote, kisha mkanda wa mpira kwenye kisigino unavutwa na kufungwa nyuma. Anayeijua kazi humaliza kwa dakika chache, bila gundi wala bisibisi. Felti, mpira mtupu, mpira wenye njumu, zote zinaingia kwenye kiunzi kilekile.

Asiyeingia mtoni anaweza kuliona jambo hili kuwa la anasa, lakini sababu zake ni za kila siku. Mwongozaji anayepiga makasia asubuhi hatakiwi kuvaa njumu, kwa sababu zitakwaruza sakafu ya mashua au kutoboa boti ya kujaza upepo. Mchana akishuka kwenye mawe, anazihitaji. Wakati wa baridi, felti iliyolowa inaganda na theluji, na baada ya hatua chache mvuvi anatembea juu ya donge la barafu chini ya kila mguu. Kwenye majani ya kingo zenye mwinuko, felti iliyolowa huteleza vibaya. Mtu mmoja, mto mmoja, siku moja, na bado soli moja haitoshi.

Kisha ikaja sheria, na hapo soli ya kubadilisha ikapata maana ambayo pengine wabunifu wake hawakuitarajia.

Mwezi Oktoba 2004 kijimea kiitwacho Didymosphenia geminata, kwa kifupi didymo, kiligunduliwa kusini mwa New Zealand, katika sehemu ya chini ya mto Waiau. Ni kiumbe cha seli moja, lakini kinapostawi hutoa mashina yanayosongamana na kufunika mawe kwa zulia zito la rangi ya kahawia lenye sura ya kuchukiza. Kinaweza kusafiri ndani ya tone la maji, na felti hubeba matone mengi kwa siku nyingi. Mwaka 2008 New Zealand ikapiga marufuku soli za felti kwa wavuvi wa trauti na samoni, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Marekani ikafuata jimbo kwa jimbo: Maryland na Vermont mwaka 2011, Alaska mwaka 2012. Yellowstone yenyewe, chimbuko la Madison, ilizuia felti mwaka 2018.

Didymo hakikuwa peke yake. Mwaka 1987 konokono mdogo wa tope wa New Zealand aliripotiwa katika mto Snake, Idaho, na katikati ya miaka ya 1990 alikuwa ameshafika Madison. Ana urefu wa milimita chache tu, anatosha kukaa kwenye ncha ya penseli. Wengi wa walioko magharibi mwa Marekani ni majike wanaozaa bila dume, hivyo konokono mmoja aliyejificha kwenye kiatu anatosha kuanzisha ukoo. Ana kifuniko anachojifungia ndani ya kombe lake, na kwa kifuniko hicho anaweza kukaa siku kadhaa nje ya maji mahali penye unyevu, au hata kupita tumboni mwa trauti na kutoka hai. Kuna pia kimelea kiitwacho Myxobolus cerebralis, ambacho hula gegedu za samaki wachanga mpaka wanaogelea kwa kujizungusha kama waliochanganyikiwa. Kilipogunduliwa Madison mwishoni mwa 1994, trauti wa upinde wa mvua katika sehemu ya juu ya mto walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 90. Spora zake huweza kukaa kwenye tope kwa muda mrefu.

Wavuvi walioupenda mto wakajikuta ndio wanaoubebea maradhi, na wanayabeba kwa nyayo zao. Kampuni ya Simms ya Bozeman, Montana, ikatangaza mwaka 2008 kwamba itaacha kabisa kutengeneza felti ifikapo 2010. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Hata hivyo haikupita miaka mingi felti ikarudi kwenye orodha zake, kwa sababu wateja waliendelea kuidai, hasa wazee na wengine ambao kuanguka mtoni kwao ni kuvunjika nyonga au kuzama. Si haki kuwaita watu hao wabinafsi. Mtu anayeogopa kuteleza ana hoja, na mto nao una hoja yake.

Sayansi nayo ikaongeza ugumu. Mwaka 2014 watafiti Brad Taylor na Max Bothwell walionyesha kwamba didymo ni mwenyeji wa muda mrefu wa mito mingi ya Amerika Kaskazini, na kwamba kustawi kwake kupita kiasi kunatokana na upungufu wa fosforasi majini, siyo lazima buti la mgeni. Vermont ikafuta marufuku yake mwaka 2016. New Zealand haikufuta, na ilifanya vyema, kwa kuwa kule kijimea hicho kilikuwa mgeni kweli. Isitoshe, hoja ya konokono na kimelea haikuguswa na utafiti huo. Aliyeusoma kama ruhusa ya kusafiri na felti yenye tope aliusoma kwa haraka.

Hapa ndipo uimara wa buti na afya ya mto vinapogongana, na ndipo soli ya kubadilisha inapostahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa dukani.

Mashauri ambayo New Zealand iliwapa wavuvi dhidi ya didymo yalikuwa kukagua, kusafisha na kukausha. Kusafisha huko si kusuuza. Ni kuloweka kwenye maji yenye asilimia 5 ya sabuni ya kuoshea vyombo, au maji ya moto yanayozidi nyuzi 60 kwa dakika moja au zaidi, na vitu vinavyofyonza maji viachwe humo muda mrefu zaidi mpaka joto lifike ndani. Kukausha ni kusubiri kitu kikauke kabisa, kisha kuongeza saa 48. Kugandisha kwenye friza mpaka kiwe kigumu pia kulikubaliwa, na huua konokono. Kila moja ya dawa hizo ni nzuri kwa mto. Sasa zichukuliwe upande wa buti: maji ya moto hulegeza gundi ya soli, sabuni kali hukausha mafuta ya ngozi, kukausha kupita kiasi hupasua mikunjo. Mvuvi mwaminifu anayefuata kila agizo baada ya kila safari anaweza kulimaliza buti lake upesi kuliko mzembe asiyeosha kitu.

Soli inayochomoka inaligawa tatizo hilo. Felti, ambayo ndiyo inayofyonza na ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, inatolewa na kulowekwa kwa maji ya moto peke yake, au inatiwa kwenye mfuko na kulazwa kwenye friza pembeni ya nyama, huku sehemu ya juu ikisuguliwa kwa brashi na kuachwa kivulini ikauke polepole. Kuna wanaoweka jozi moja kwa kila mto, wasichanganye kamwe. Mtu anayevuka kutoka jimbo linaloruhusu felti kuingia lisiloruhusu anabadilisha mpakani. Katika hayo yote buti linadumu zaidi na mto unakuwa salama zaidi, na ni nadra katika biashara ya viatu kuona manufaa hayo mawili yakienda pamoja.

Ila kiunzi kina upande wa pili, na unaonekana vizuri soli ikishatolewa. Chini yake kuna mifereji na vitundu vya kushikia kingo, na baada ya siku moja mtoni vinakuwa vimejaa: mchanga mwembamba wa kijivu uliobanwa mpaka ukawa mgumu, vijiti, uzi mmoja wa mwani, pengine kombe dogo jeusi lisilojulikana kama ni jiwe au kiumbe mpaka ligeuzwe kwa ukucha. Uchafu huo usingekuwepo kwenye soli iliyoshonwa moja kwa moja. Asiyechomoa soli zake kila baada ya safari, akadhani kuosha kwa nje kunatosha, amewatengenezea konokono chumba chenye unyevu na kivuli.

Mchanga huohuo ndio adui wa uimara. Kila hatua inasogeza soli kiasi kidogo ndani ya kiunzi, na mchanga uliopo katikati unageuka msasa. Kingo zinazopaswa kubana zinaliwa. Msimu wa kwanza soli inaingia kwa nguvu na kutoka kwa kuvutwa hasa. Baadaye inaingia kirahisi, na urahisi huo si habari njema. Kwenye tope zito, linalofyonza mguu kama linataka kubaki nao, soli iliyolegea inaweza kuachwa chini. Mkanda wa kisigino ndio unaobeba mzigo wote wakati huo, na mpira wake, unaovutwa na kuachiwa kila mara, ukipigwa na jua miaka kadhaa huanza kuonyesha nyufa ndogo pale unapopinda. Hapo ndipo pa kutazama kabla ya kuingia majini. Wahenga walishamaliza kazi waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwa mvuvi aliye katikati ya mkondo hata huo ukuta hakuna wa kujenga.

Kisha kuna mpaka kati ya kiunzi na sehemu ya juu. Soli inabadilishwa, kiunzi hakibadilishwi. Kimegundishwa, na huenda kikashonwa sehemu fulani tu, kwenye kitambaa kinene au ngozi ya bandia inayolowa na kukauka bila kupumzika. Buti la namna hii likifa, mara nyingi hufa hapo, au kwenye mkunjo wa vidole, mahali mguu unapojikunja kila hatua na mchanga unajikusanya ndani ya kunjo. Maana yake soli mpya kabisa, zilizolipiwa fedha za kutosha, hubaki mkononi zikiwa hazina buti la kuzivaa.

Kamba nazo zimebadilika. Mabuti mengi ya kizazi hiki hufungwa kwa waya mwembamba wa chuma unaozungushwa kwa kitufe, mfumo wa kampuni ya Boa iliyoanzishwa Colorado na Gary Hammerslag, ambao ulionekana kwanza kwenye mabuti ya kuteleza kwenye theluji mwaka 2001. Mtoni waya huo una faida: haufyonzi maji, haugandi barafu, na vidole vilivyokufa ganzi vinaweza kuukaza. Lakini kamba ya kawaida ikikatika, mtu hufunga fundo akaendelea na safari. Waya ukikatika unahitaji waya mwingine wa aina hiyohiyo na kijibisibisi chake. Mwongozaji mwenye busara huweka kifaa hicho mfukoni.

Kuna kifo kingine kisichotokea mtoni kabisa. Soli nyingi za kati hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki nyepesi yenye mapovu, na aina nyingi za plastiki hiyo huvunjwa na unyevu wa hewa: maji yanakata minyororo ya molekuli zake taratibu, hata kama kiatu kimelala kabatini. Miaka inapita, buti linaonekana jipya, siku linapovaliwa soli inamomonyoka. Wanaonunua mitumba Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam wanakijua kifo hicho bila kuhitaji kemia. Mnunuzi mzoefu hababaishwi na ngozi inayong'aa. Anakikunja kiatu kwa nguvu na kukandamiza soli kwa kidole gumba, aone kama inarudi au inabonyea na kubaki. Na pembeni ya soko hakosekani fundi wa kung'oa soli iliyooza, kukata nyingine kwenye mpira na kuishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka kiatu chote. Ustadi wake ni mkubwa kuliko ujira anaolipwa.

Fundi huyo ana ndugu zake huko Portland, Oregon. Kampuni ya Danner, iliyoanzishwa Wisconsin mwaka 1932 na kuhamia Portland mwaka 1936, imejenga jina lake kwa mabuti ya ngozi yanayoweza kurudishwa kiwandani, yakafumuliwa na kuvishwa soli nyingine. Mwaka 2019 Danner na Patagonia zilitoa pamoja mabuti ya mtoni ya mtindo huo, ya ngozi, pau za alumini zikiwa kama chaguo mojawapo la soli. Ni mazito na ni ghali. Yanapoingia karakana, yanatoka na miaka mingine mbele yake. Hii ni njia ya pili ya kufika kwenye uimara, tofauti kabisa na ile ya Korkers: mvuvi hawezi kubadilisha soli mwenyewe kando ya mto, lakini kiungo kinachoua mabuti ya kuchomeka, kile cha soli na sehemu ya juu, kimetengenezwa tangu mwanzo kwa nia ya kufunguliwa na kufungwa tena na mtu mwenye sindano.

Mito ya Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Trauti wa Kenya si wenyeji: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakawekwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na baadaye trauti wa upinde wa mvua wakafuata. Kituo cha kuzalishia vifaranga cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kimekuwa kikilea samaki hao tangu miaka ya 1940. Gura, Thego, Sagana, Mathioya ni mito ya baridi, yenye kasi na mawe, na wageni wanaokuja kuvua huko huja na mabuti waliyovaa kwingine: Montana, Uskoti, New Zealand. Maji ya mito hiyo si ya wavuvi peke yao. Ikishuka chini hunywesha mifugo, humwagilia chai na mboga, na huingia mto Tana. Mgeni akishuka na mizigo yake Nyeri, swali la soli zake zilikanyaga wapi mwezi uliopita ni la adabu kabisa, na mwenyeji anayemwongoza ana haki ya kuliuliza kabla ya mguu kuingia majini. Mwenye soli za kuchomoa ana urahisi wa kulijibu: anazitoa, anaonyesha kiunzi kilivyo kisafi, anavaa jozi mpya.

Linalobaki ni la kiwandani. Ahadi ya soli ya kubadilisha inategemea jambo moja ambalo mvuvi halioni siku ya kununua, nalo ni kwamba soli za umbo lile zitaendelea kuuzwa. Mtengenezaji akibadilisha kiunzi kidogo tu, mahali pa kuchomekea au ukubwa wa mkanda wa nyuma, mabuti yote ya zamani yanakuwa yatima hata kama sehemu zake za juu bado nzima. Mteja anayetoa fedha nyingi kwa buti la namna hii ana sababu ya kuuliza kwanza umbo hilo limekuwepo sokoni kwa miaka mingapi, kama mkanda wa kisigino unauzwa peke yake, na kama kiunzi kimeshonwa au kimegundishwa tu. Kampuni inayoweza kujibu maswali hayo matatu kwa maandishi, ikakishona kiunzi kama Danner wanavyoshona soli na kukiacha kichomekwe kama Korkers wanavyofanya, itakuwa imetengeneza buti ambalo mwongozaji wa Madison anaweza kulipeleka kwa fundi wa karibu wakati wa baridi, na kulichukua tayari mito inapofunguliwa kwa msimu mpya wa uvuvi.